Esei ya Common App haiandikwi kwa kikundi

Kila mwaka hapa Kisumu kuna wale watoto wachache wakimaliza fomu foo wanaamua kujaribu vyuo vya Marekani, na kinachowashinda si hesabu, hata mtihani wa SAT wa kuingia vyuo vya huko si sana, ni ile esei. Naelewa kabisa, juu huku kwetu hakuna aliyewahi kuwauliza wao ni nani. KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo hapa Kenya, inaangalia alama zako na kozi ulizochagua, basi. Sasa Common App, ile fomu moja ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi vya Marekani, inakuja inakwambia jieleze kwa maneno yasiyozidi 650, na wewe umelelewa ukijua anayejisifu hana adabu.

Kuna watu hufanya hii kazi ya kusaidia watoto na esei kwa kikundi, holi imejaa, mimi siiamini. Mmoja akisoma yake ya kufukuzwa shule sababu ya karo na apigiwe makofi, wiki ijayo wote wamefukuzwa shule. Si eti wanadanganya, karo imetusumbua sisi wote, lakini huyo anayezisoma huko atajuaje nani ni nani?

Mwaka jana nilikaa na msichana mmoja wa Kondele, rafu ya esei yake ilianza na Mandela ikaishia na elimu ni ufunguo wa maisha. Nikaiweka kando. Nikamuuliza, wikendi huwa unafanya nini?

"Hakuna kitu mwalimu, huwa tu namsaidia mathe kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Kibuye."

Hebu niambie hiyo omena. Wacha aanze! Kumbe wavuvi huvua usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa hiyo taa haivuti samaki vile, omena inapungua, bei inapanda, kwa hivyo yeye huangalia mwezi na kuweka alama kwa kalenda ya ukutani ndio mamake anunue mapema. Tena mvua ikinyesha kabla omena ikauke inaharibika, inaenda kwa bei ya chakula ya kuku, na hiyo pia alikuwa anaandika kwa daftari, hakuna mtu alimtuma.

Nikamwambia esei ndio hiyo. Akacheka sana, akasema wazungu watamwona mshamba.

Ilituchukua muda, sitadanganya. Kazi yangu ilikuwa kuuliza tu, hapa ulifikiria nini, hapa mama alisema nini, na akikwama anaongea Kijaluo kwanza halafu anatafuta Kizungu chake, kile chepesi, si kile cha insha ya kushangaza mwalimu. Keyboard sigusi. Kuna watu mjini wanachukua pesa wanakuandikia yote, na unapotuma hiyo fomu unathibitisha ni kazi yako mwenyewe, ikijulikana si yako hata nafasi uliyopewa inaweza kuondolewa. Na menta akiandika inasikika kama mtu wa miaka arobaini anayekumbuka utoto, mtu anaijua tu.

Ile sehemu ya shughuli kwa hiyo fomu nayo wengi huiacha wazi eti shuleni hakukuwa na klabu za maana. Ina nafasi 10, kila moja herufi 150 za kueleza, na majukumu ya nyumbani yanahesabika. Kulea wadogo zako, kuchota maji, kusimamia kibanda, andika na useme ni masaa mangapi kwa wiki. Wazazi wengi nikiwaambia hii hawaniamini.

Kuhusu tarehe, Common App hufunguka 1 Agosti na vyuo vingi dedilaini ya kwanza ni 1 Novemba, katikati ya KCSE, mtihani wa mwisho wa fomu foo, kwa hivyo kama uko fomu foo saa hii soma mtihani wako kwanza, utatuma mwaka unaofuata. Waliomaliza ndio nataka tuanze nao Juni, tukae tuongee kabla mtu hajaandika sentensi hata moja. Nina nafasi ya wawili, Jumamosi mchana, ni bure, soda tu ndio utajinunulia.