Magogo ya Shangazi

Shangazi alikwishaamua: magogo yale ni kuni. Mwaka na ushei ulikuwa umepita tangu tuyatoboe kwa kekee, tukapigilia vijiti vyenye mbegu za uyoga wa shiitake na kuziba kila tundu kwa nta ya moto. Hajaona hata uyoga mmoja.

Baridi ndiyo kwanza ilikuwa inaisha. Miezi yote ile nilikuwa nimeyalaza chini kivulini, juu ya fito ili yasiguse udongo, nikayafunika. Wengi huogopa barafu, lakini barafu haiui shiitake iliyokwisha kushika ndani ya mti. Mbaya wake ni upepo mkavu. Huo hunyonya maji ya gogo kimyakimya, gome likapasuka, na gome likishabanduka hakuna tena cha kungojea.

Nilimwomba aje aone kabla hajashika shoka. Nikaligeuza gogo moja la mwaloni, nikampangusia ncha yake. Utando mweupe ulikuwa umejitokeza kwenye mkato, mabaka-mabaka, kuanzia chini ya gome kuelekea kiini.

“Huo si ukungu?”

“Ndio uyoga wenyewe, Shangazi. Ungekuwa wa kijani, hapo ningekuachia shoka.”

Akauparura kwa ukucha, akanusa, akakunja uso kama mtu aliyeshindwa kesi.

Tuliyatumbukiza kwenye pipa la maji ya mvua, baridi kweli. Yakaelea, tukayawekea mawe juu. Yakae mchana na usiku, nikamwambia, yasizidi siku mbili, maana ule utando wa uyoga nao unahitaji hewa. Maji yale na ubaridi ule huuambia uyoga kwamba mvua za kubadili majira zimefika. Shangazi akataka pia kuyagonga kwa nyundo, eti kasikia yanaamka. Nikamwachia. Wakulima wa Japani wameyagonga magogo tangu zamani, na nyundo ya Shangazi haikuwa nzito.

Tulipoyatoa tuliyaegemeza wima. Siku chache baadaye gome lilianza kupasuka vijistari vidogo, na katika kila ufa kikachungulia kipele cha kahawia kisichozidi punje ya mahindi. Kuanzia hapo Shangazi hakulala. Usiku alitoka na tochi kuwaokota koa, akiwatukana mmoja mmoja, kwa sababu koa hula kofia changa na kukuachia mguu.

Kuchuma nilimfundisha mara moja tu. Usingoje kofia ifunguke ikawa bapa. Ukingo ukiwa bado umejikunja kwa ndani, shika mguu karibu na gome, uukate au uuzungushe taratibu. Kapu likajaa. Mwingine tuliuanika juani, chini juu, maana jua likipiga ile mikunjo ya chini ya kofia uyoga huzidi kuwa na vitamini D.

Ugomvi wenyewe ulikuja baada ya kapu. Shangazi alikuwa na wageni njiani, akataka magogo yarudi pipani siku ileile.

“Yamechoka, Shangazi. Yaache wiki sita, nane hivi, yakusanye nguvu.”

“Mti unachokaje? Umekatwa zamani!”

Nikamweleza kwamba anayechoka ni uyoga: ametumia akiba yake yote kutoa kofia, na sasa lazima ale mti upya kabla ya kuzaa tena. Ndiyo maana wenye magogo mengi huyagawa mafungu, fungu moja likiloweshwa mengine hupumzika. Nikaandika tarehe kwa chaki kwenye kila gogo. Akanisikiliza hadi mwisho, akaitikia vizuri mno.

Asubuhi moja nikakuta gogo lina chaki iliyofutika na gome lililolowa chepechepe. Sikuuliza. Ulitoka uyoga kiduchu, mwembamba kama karatasi. Aliupika mwenyewe, akaula mwenyewe, wala hakunikaribisha.