Kabla hujapanda kitanda cha thieta, uliza huyo daktari kasomea nini

Kuna kitu kinaniuma sana kwenye haya mambo ya upasuaji wa urembo, watu wanaona koti jeupe na picha nzuri za kabla na baada, basi wanajua huyo ni bingwa, kumbe anaweza kuwa daktari wa kawaida aliyepiga kozi fupi tu na leseni yake ni halali kabisa. Hata Marekani, ukiwa na leseni ya udaktari sheria haikuzuii kufungua kliniki ya kunyonya mafuta.

Bingwa wa upasuaji wa plastiki njia yake ni ndefu jamani. Akitoka chuo cha udaktari, hukohuko Marekani anasota miaka 6 ya mafunzo, au anamaliza kwanza upasuaji wa jumla halafu anaongeza miaka 3 ya plastiki. Na hiyo miaka yote hashindi kwenye pua na matiti tu, yuko na watu walioungua moto anachuna ngozi ya paja kupandikiza kwenye kidonda, anashona watoto waliozaliwa na mdomo sungura, anamjengea titi mama aliyekatwa kwa sababu ya kansa. Kuna mishipa ya damu ina milimita 2 au 3 hivi, anaiunga chini ya hadubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele, ikiziba tu ile nyama aliyoihamisha kutoka sehemu nyingine ya mwili inaanza kubadilika rangi na mgonjwa anarudishwa thieta hata kama ni saa nane usiku. Mtu aliyepitia hayo, mambo yakiharibika anajua pa kushika, na mi naona hapo ndo tofauti ilipo.

Halafu kuna mtihani. Bodi ya Marekani ya upasuaji wa plastiki ina wa kuandika na wa mdomo, na kwenye wa mdomo anahojiwa mpaka kuhusu wagonjwa wake mwenyewe, kwa nini ulimpasua hivi, kwa nini kidonda kilifumuka. Uingereza mabingwa wako kwenye rejista ya mabingwa ya GMC, yaani baraza linalosajili madaktari huko, unaingia mtandaoni unatafuta jina, bure. Australia nao 2023 walibadilisha sheria, siku hizi sio kila daktari anaruhusiwa kujiita daktari wa upasuaji, na mi nawapongeza kwa hilo.

Na swali lingine ambalo watu hawaulizi: je, kuna hospitali kubwa inayomruhusu kufanya upasuaji huohuo kwenye thieta yao? Akianza kuzungukazunguka, beba mkoba wako uondoke.