Plagi ya Mjomba

Jumamosi iliyopita binti yangu alikuwa akitafuta betri za rimoti katika ile droo ambayo mama yake aliikatia tamaa tangu tulipohamia nyumba hii, na badala ya betri akaibuka na kiboksi kidogo cha karatasi kilichofifia rangi. Nilimwambia kwamba ndani yake kuna plagi ya pikipiki, ile inayotoa cheche ya kuwasha injini. Aliitoa, akaigeuzageuza mkononi, akaitazama kauri yake nyeupe na ncha yake isiyo na hata doa la masizi, kisha akauliza: "Baba, mbona hatuna pikipiki?" Nilimjibu kwamba ile plagi si yangu, ni ya Mjomba, naye akadhani ninamsema mjomba wake wa Dodoma, mtu ambaye hata baiskeli hupanda kwa kusindikizwa.

Mjomba ninayemsema hakuwa mjomba wa mtu yeyote pale kijiweni, kwenye kituo chetu cha bodaboda. Alikuwa ametuzidi umri wote, alikuwa na mvi za kuhesabika, na jina hilo alilikuta au lilimkuta kabla mimi sijafika. Kijiwe chenyewe ni kile cha Nanenane, Morogoro, na miaka yenyewe ni ile niliyokuwa nimemaliza chuo, ninasubiri majina ya ajira yatoke, huku ninaendesha pikipiki ya shemeji na kuitwa Msomi kwa namna ambayo haikuwa sifa. Leo ninataka kuieleza alasiri moja tu ya masika ya mwaka 2013, ambayo kwa miaka mingi nimekuwa nikiisimulia kama kichekesho.

Asiyewahi kukaa kijiweni hudhani kwamba dereva wa bodaboda huendesha siku nzima. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya siku husubiri, na kwa kuwa husubiri na wenzake, huzungumza. Tulikuwa na mada ambazo hazikuwahi kwisha, na nadhani hakuna aliyetaka ziishe. Ya kwanza ilikuwa kama ni halali kuzima injini na kuteremka bure kutoka Kilakala ili kuokoa mafuta, ambapo upande mmoja ulipiga hesabu za petroli na upande mwingine ukauliza kwamba breki ikikataa, injini isiyozunguka itakushikiaje chombo. Nyingine ilikuwa oili. Mjomba alikulia kwenye pikipiki za zamani za injini ya mipigo miwili, zile ambazo oili huchanganywa na petroli na moshi wake wa buluu huiona njia kabla yako, na kila tulipomweleza kwamba vyombo vyetu ni vya mipigo minne, vyenye oili yake mahali pake, alitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza watoto wakimweleza habari za dunia. Alikuwa anajua. Alipenda tu kutuona tukihangaika kumwelimisha.

Juu ya hayo yote palikuwa na utani. Mjomba alikuwa Mpare, na mtani wake mkuu alikuwa kijana wa Kichaga aliyepaki karibu naye kila siku, kana kwamba eneo lote la Nanenane halikuwa na nafasi nyingine. Ninyi mnaujua utani wa Mchaga na Mpare: Mpare atauza ng'ombe ili agharimie kesi ya kuku, Mchaga hata akizimia mrushie sarafu jirani na sikio uone kama hataamka. Wawili wale waliweza kuianza asubuhi kwa mashtaka hayo na kuifunga jioni kwa hayo hayo, bila neno hata moja kuchakaa. Kwa hiyo lolote ambalo Mjomba angetamka kuhusu fedha lilikuwa na mpokezi wake tayari, na sisi tuliobaki tulikuwa na kicheko chetu tayari.

Siku hiyo mawingu yalishuka kutoka Uluguru baada ya swala ya adhuhuri, na mvua ilipopiga tulikuwa wanane tumebanana chini ya mabati ya mama ntilie wetu, chai ya rangi mkononi, tukipigiana kelele kwa sababu bati halikuturuhusu kusikilizana kwa sauti ya kawaida. Mimi nilikuwa nimefika mwisho, nimelowa, baada ya kuisukuma pikipiki kutoka karibu na Tungi. Ilikuwa imezima katikati ya dimbwi na kila nilipopiga kiki ilikohoa mara moja na kunyamaza.

Hapo ndipo mjadala ulipozuka, na mjadala wa pikipiki iliyogoma ni karamu. Mmoja alisema maji yameingia kwenye kabureta. Wa pili alisema ni waya, akaapa kwa mama yake. Mchaga alisema ni ushamba wa dereva, kwa kuwa Msomi amezoea kuwasha karatasi. Mama ntilie naye, akigeuza chapati, alisema chombo kikilowa kinatakiwa kipumzike kama mtu, na hakuna aliyethubutu kumbishia maana wengi wetu tulikuwa na madeni kwake.

Mjomba hakusema kitu. Aliweka kikombe chake juu ya benchi, akakifunika kwa kisahani ili matone yasiingie, akainuka na kwenda kwenye pikipiki yake kuchukua kopo la bati alilokuwa akilifunga chini ya kiti kwa mpira wa tyubu. Alilifungua akiwa amechuchumaa mbele ya injini yangu. Alitoa spana ya plagi, akachomoa kofia ya waya, akalegeza taratibu kwa kiganja badala ya vidole, akaitoa plagi na kuifuta kwa pindo la shati lake. Ilikuwa nyeusi na imelowa petroli. Aliinusa. Kisha akafanya lile ambalo hadi leo nikifumba macho ninaliona: aliirudisha kwenye kofia yake, akaiegemeza ubavu kwenye chuma cha injini, akaniambia, "Piga kiki, mwanangu, polepole."

Nilipiga. Kwa sababu ya mvua palikuwa na giza la saa kumi na mbili ilhali ilikuwa saa nane, na vichwa vyote vilikuwa vimeinama kuizunguka ile ncha ya plagi, vimegusana, vinanukia chai na koti la mvua. Hakuna aliyezungumza. Ilitoka cheche moja dhaifu, ya manjano, ikakosea njia. Nikapiga tena, ikatoka nyingine kama hiyo. Mjomba akasema "imechoka," kwa sauti ya mtu anayetangaza habari za ndugu, akaingiza mkono kwenye kopo na kutoa plagi ya akiba iliyofungwa kwenye karatasi ya nailoni. Kabla ya kuifunga alichukua kipande cha msumeno wa chuma, kilichokatwa urefu wa kidole na kulainishwa kwa kutumiwa, akakipitisha kwenye pengo la plagi, pale cheche inaporukia, ili kulipima. Unene wa msumeno ule ulikuwa kipimo chake, na aliuamini kuliko kitabu chochote cha kiwandani. Kilipita kwa kukwaruza kidogo. Akaiegemeza kwenye chuma kama ile ya kwanza, na nilipopiga kiki ikaruka cheche ya buluu, nene, yenye mlio mdogo tulioweza kuusikia pamoja na mvua yote ile juu ya bati. Wanaume wanane walipiga yowe kana kwamba goli limeingia. Mama ntilie aliacha chapati yake iungue upande mmoja ili aje kuona.

Nilimwambia nitamnunulia nyingine. Alisema, "Utanirudishia," akaniwekea mkononi na kile kipande cha msumeno: "Na hiki kaa nacho, Msomi. Usipime kwa macho." Kisha akarudi kwenye chai yake, akaondoa kisahani, na huku akipuliza akasema, si kwangu wala kwa mtu fulani, kwamba jioni tajiri, mwenye pikipiki, anakuja kuchukua mali yake.

Mchaga hakuchelewa. Alimwuliza kama kweli amekosa hesabu, yaani fedha za kumpa tajiri, au zimelala chini ya godoro zikisubiri kesi ya kuku. Tukacheka. Mjomba pia alicheka, na nakumbuka alicheka kwa dhati, mpaka akajifuta macho. Baada ya muda alisema tena kwamba safari hii tajiri hatanii, na Mchaga akamwambia amwachie yeye pikipiki kama dhamana, na tukacheka tena. Mara ya tatu sikumbuki alisemaje, kwa sababu mvua ilikuwa imepungua na abiria wa kwanza alikuwa ametokea upande wa stendi akiwa amejitwika mfuko wa nailoni kichwani, na zamu ilikuwa yangu.

Yaliyobaki ni mafupi. Kesho yake nilipita dukani nikanunua plagi mpya, nikafika nayo kijiweni, Mjomba hakuwepo. Kesho kutwa hakuwepo. Siku ya tatu tuliiona pikipiki yake ikipita barabara kuu na kijana tusiyemfahamu, kopo la bati likiwa halipo chini ya kiti. Ndipo tulipoanza kuunganisha. Alikuwa kwenye mkataba: shilingi 8,000 kila siku, Jumapili ikiwa yake, kwa miezi 14, na baada ya hapo chombo kinakuwa mali yake. Kwa hesabu ya haraka hiyo inakaribia shilingi 2,900,000, na alikuwa amebakiza chini ya miezi miwili. Mikataba ya namna ile mingi ilikuwa ya mdomo, au ya karatasi ya daftari iliyosainiwa juu ya tangi la mafuta, na ukichelewesha malipo kwa wiki kadhaa ulichokwisha kulipa hugeuka kuwa kodi. Mwezi uliotangulia mkewe alikuwa amelazwa. Hilo nalo alilitaja, sasa ninakumbuka, katikati ya mabishano ya oili.

Tulikuwa na mfuko wa kijiwe, kila mtu akichangia kila siku, ila kanuni zake zilitaja ajali na msiba tu. Hakuna aliyekuwa amefikiria kuandika kwamba mtu anaweza kupatwa na jambo akiwa mzima na akicheka. Mchaga ndiye aliyeumia kuliko sote. Wiki nzima hakumtania mtu, akazunguka Kihonda hadi Mazimbu akiuliza, na aliporudi alisema tu kwamba chumba kimepangishwa kwa watu wengine. Wapo waliosema Mjomba amerudi Same, wapo waliosema yuko Kilombero kwenye mpunga. Miezi michache baadaye majina ya ajira yalitoka, nikaondoka na plagi yangu kwenye begi.

Kwa muda mrefu niliisimulia habari hii na kuikomesha kwenye yowe la cheche ya buluu, watu wakicheka. Jumamosi, nilipokuwa nikimweleza binti yangu kwa ufupi, yeye hakucheka. Aliuliza kwa nini Mjomba alitoa plagi yake ya akiba wakati na yeye alikuwa na pikipiki na mvua ilikuwa inanyesha. Nilianza kumweleza kwamba watu wa kijiweni husaidiana, jambo ambalo ni kweli, nikajikuta nimekwama. Plagi mtu humpa mwenzake, hilo la kawaida. Lakini kipimo? Dereva haachi kipimo chake, kama fundi cherehani asivyoacha mkasi. Inawezekana alikuwa amekwisha kuaga, kwa lugha tuliyokuwa tukiielewa vizuri zaidi ya maneno, na sote wanane tukawa tunaitazama cheche. Inawezekana vilevile kwamba nampa mzee wa watu maarifa ambayo hakuwa nayo, na kwamba alinihurumia tu kijana aliyelowa, asiyejua kupima pengo.

Na utani nao sijui niuweke upande gani. Wazee wanasema mtani ndiye mwenye ruhusa ya kukuambia ukweli, ndiyo maana hata msibani huachiwa afanye vituko vyake mbele ya wafiwa. Mjomba aliutumia sawasawa kabisa, alitwambia ukweli mara tatu. Kama kuna mahali palipovunjika, si kwake, na bado sitaki kusema kwamba hatukupaswa kucheka, kwa sababu kicheko cha kijiwe kile ndicho kilichonivusha miaka miwili ambayo mimi pia sikuwa nikimwambia mtu hali yangu.

Binti yangu aliirudisha plagi kwenye kiboksi, akauliza kama bado inafanya kazi. Nilimwambia haijawahi kujaribiwa. Akauliza tena kile kipande cha msumeno kiko wapi akione naye, na hapo nililazimika kumwambia kwamba kile cha kumrudishia mwenyewe ndicho nilichokitunza, na kile alichonipa nilikipoteza mwaka uleule, sikumbuki hata wapi.