Mkanda wa 1953 bado unagombaniwa jikoni kwetu

Leo Jumapili, siku ya pili bibi hajamsemesha babu vizuri, chai anamwekea ila anaiweka mezani bila neno, na sababu ni pambano la mieleka lililopigwa mwaka 1953. Mie mwenyewe nimekaa katikati yao na mkate wangu sijui niangalie wapi, ndo nikaona bora niandike.

Kwa wasiojua, huu mwaka wa pili niko Mexico City, nimepanga chumba kwa wazee wawili, hao ndo nawaita babu na bibi, mtaa wa Doctores, na ukitoka mlangoni kwetu mpaka Arena México ni mwendo wa dakika kumi hivi kwa miguu. Ule ukumbi ulifunguliwa 1956, watu wa huku wanauita kanisa kuu la lucha libre, yaani mieleka ya Mexico, na Ijumaa jioni mtaa mzima unabadilika, wauza barakoa wanatandaza bidhaa zao njiani, moshi wa nyama kila kona, watoto wamevaa majoho wanakimbizana. Babu na bibi wamekuwa wakienda tangu hawajaoana. Mie nilienda mara ya kwanza kwa kuwasindikiza tu, sasa hivi Ijumaa ikipita sijaenda naona wiki haijaisha.

Ijumaa hii kulikuwa na pambano la mkanda kati ya watani wawili wanaowindana miaka na miaka. Pambano la ubingwa huku lina heshima yake jamani, halifanani na yale mengine ya watatu kwa watatu yenye fujo. Mkanda unaonyeshwa kwanza pande zote za ukumbi, kila mtu ana msaidizi wake kwenye kona, wanapigana mpaka mmoja ashinde mara mbili kati ya tatu, na ile mara ya kwanza kwa kawaida ni ya chini kwenye turubai, kukabana, kufungana mikono na miguu, kujinasua, hata wale wanaoitwa rudo, yaani wakorofi, wanaoshangiliwa kwa kuvunja sheria, siku ya mkanda wanajaribu kuonyesha kwamba mieleka wanaijua. Babu anasema hapo ndo unamjua mpiganaji. Anakaa kimya kabisa, hali kitu, hanywi kitu, mpaka kengele ilie.

Tulivyotoka tukasimama kula taco, na watu waliosimama pale wote walikuwa wametoka ndani, kwa hiyo maneno yakaanza. Mmoja anasema mshindi hakustahili, mwingine anasema alistahili toka mwaka juzi wakamnyima, dada mmoja akasema wote wawili wamechoka wawaachie vijana, hapo akapigiwa kelele na meza nzima. Kisha kijana mmoja, mpole tu, akamgeukia babu akamuuliza, mzee, wewe umeona mengi, pambano gani la mkanda kati ya watani lilikuwa kubwa kuliko yote. Babu hata hakufikiri. Akasema Blue Demon na Santo, 1953, pale Blue alipomvua ubingwa wa dunia wa uzani wa welta. Bibi akaiweka taco yake chini.

Sasa niwaeleze hii habari maana bila kuijua hamuwezi kuelewa kwa nini mtu aache kula. Santo ndo yule wa barakoa ya fedha, hata kama hujawahi kuangalia mieleka utakuwa umeiona sura yake kwenye fulana. Katuni zake zilianza kuuzwa 1952, baadae filamu, kapigana na mizuka na wanyonya damu, na mpaka leo watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya yeye kufariki 1984 wanamjua. Lakini kitu ambacho wengi hawakijui, hata Wamexico wenyewe wa umri wangu, ni kwamba ulingoni kipindi kile Santo alikuwa rudo. Watu walimzomea. Alikuja kuwa upande wa waungwana, wale wanaoitwa técnico, mwanzoni mwa miaka ya 60.

Tarehe 7 Novemba 1952, ukumbi wa Arena Coliseo, Santo akapigana na Black Shadow, barakoa kwa barakoa, yaani atakayeshindwa anavua yake, na Santo akashinda. Black Shadow akavua mbele ya watu, jina lake likajulikana, Alejandro Cruz, uso wake ukajulikana, basi, na kwenye lucha libre ukishavuliwa kwa kushindwa hairudi. Blue Demon, yule wa barakoa ya buluu, ndo alikuwa mwenzake Black Shadow kwenye timu, walitambulishwa kama ndugu, ndugu wa ulingoni sio wa damu. Na Blue mwenyewe alikuwa rudo vilevile, ila kuanzia hapo akahamia upande wa pili ili amlipie ndugu yake kisasi. Mwaka uliofuata akampiga Santo, akachukua mkanda, akakaa nao mpaka 1958 alipokuja kunyang'anywa na Karloff Lagarde. Yaani miaka mitano.

Babu mwaka ule alikuwa na miaka minane. Hakuwepo, baba yake ndo alikuwepo, na babu analieleza kama vile alikuwepo, mpaka jasho la watu anakusimulia. Hoja yake ni moja na haijabadilika tangu nimjue: ukiacha katuni, ukiacha filamu, ukiacha sanamu na fulana, ukawaweka wawili hao kwenye turubai, mkanda uliondoka na nani? Na anaongeza kwamba Blue aliivaa barakoa yake ulingoni mpaka 1989, ana miaka 67, akaiweka rehani kule Monterrey dhidi ya Rayo de Jalisco akashinda na akastaafu nayo. Miaka 67! Kila akifika hapo sauti inamkauka.

Bibi yeye ni mzaliwa wa Tulancingo, jimbo la Hidalgo, mji aliozaliwa Santo mwaka 1917, kwa hiyo hata usijaribu. Ila hoja yake sio ya mji tu, ndo maana nampenda, ana akili sana huyu mama. Anasema mkanda ni kitu cha kupokezana, leo unao kesho anao mwingine, umewahi kusikia mtu analia miaka sabini kwa ajili ya mkanda? Barakoa ndo kitu. Na Santo hakuwahi kuvuliwa. Babu anajibu, Blue nae hakuvuliwa, alizikwa nayo mwaka 2000. Bibi anasema, Santo nae alizikwa nayo. Wanabaki wanatazamana. Hapo huwa nahisi wote wawili wanajua wamefika ukutani, ila hakuna anayetaka awe wa kwanza kugeuka.

Yule kijana pale kwenye taco, namheshimu kwa kuthubutu, akasema lakini wazee wangu, nani anashika mkanda si inaamuliwa ofisini. Nilidhani watamrukia wote wawili. Hawakumrukia. Babu alimjibu taratibu kabisa kwamba sawa, tuseme iliamuliwa ofisini, sasa mwenye ofisi akiwa na mtu kama Santo mkononi, akaamua mkanda uende kwa Blue, unafikiri aliona nini? Aliona ukumbi. Alisikia watu. Na bibi, kwa mara ya kwanza usiku ule, akatikisa kichwa kukubali, kisha akakumbuka amekasirika akageukia pembeni.

Hilo jibu nimelala nalo siku mbili. Nyumbani kila nikisema napenda lucha watu wananiambia si ya kupangwa hiyo, kama wananifunulia siri, na nilikuwa nakosa la kusema. Watu wale pale kwenye taco hakuna hata mmoja asiyejua. Wanachogombania ni nani alistahili kubebeshwa mkanda, na nani watu walimwamini, na baada ya hapo nani alitunza alichopewa. Sasa hilo ofisi haiwezi kuamua peke yake, na kwa kweli mie naona ni swali zito kuliko la nani alimkalia nani mgongoni.

Asubuhi ya Jumamosi nikapita kwa mama anayeuza barakoa kona ya pili, nikamuuliza yeye yuko upande gani. Akasema ya fedha inauzika zaidi, kila mgeni anataka ya fedha. Ila anayenunua ya buluu haulizi bei, anaingiza mkono mfukoni tu, anajua alichokifuata. Yeye mwenyewe hakuniambia anampenda nani, nadhani ni biashara.

Na kuna kidonda kingine ambacho mashabiki wa Blue hawasahau. Kuna filamu ya mwanzoni mwa miaka ya 70 ya zile maiti zilizokauka za mji wa Guanajuato, Blue Demon na Mil Máscaras, mpiganaji mwingine wa barakoa, wanahangaika nazo filamu karibu nzima, wanapigwa, wanaangushwa, alafu mwisho mwisho Santo anatokea na kuzimaliza. Babu hawezi kuiangalia. Ikianza kwenye tivii anatoka nje. Mwanzoni nilicheka, sasa sicheki, maana nimeelewa kwamba kwake ile ndo picha ya maisha yote ya Blue, mtu anafanya kazi mchana kutwa kisha jina linaandikwa la mwingine. Babu alikuwa fundi matofali miaka arobaini. Hajawahi kuniambia moja kwa moja, ila nimeona anavyotazama yale majengo tukipita.

Kama mtaniuliza mie niko upande gani, niko kwa Blue, na sio kwa sababu ya babu. Naona Santo ana haki ya kupendwa na nchi nzima, hilo halina ubishi, alichowapa watu hakuna mwingine aliyewapa. Lakini anayesema kwamba 1953 haina maana kwa sababu Santo baadae alikuwa mkubwa zaidi, huyo anaonea. Kilichotokea kilitokea. Watu waliokuwa ukumbini usiku ule hawakujua habari za filamu, walimjua rudo aliyemvua barakoa Black Shadow, na wakamwona aliyekuja kudai. Huwezi kurudi nyuma ukawanyang'anya furaha yao kwa sababu ya mambo yaliyokuja baadae.

Haya mambo mie nayajua toka nyumbani. Baba yangu Yanga, mjomba Simba, na nimekua nikisikia 6-0 ya 1977 kila Idi, kila msiba, kila mahari, mjomba hakosi pa kuichomeka, na baba anainamisha kichwa anakula. Sijazaliwa 1977 lakini ile 6-0 naijua kama tarehe yangu ya kuzaliwa. Novemba 2023 Yanga walivyoshinda 5-1 baba alinipigia simu huku ni asubuhi, hakusema hata salamu, alikuwa anapumua tu na nyuma nasikia honi na vuvuzela. Kwa hiyo bibi anapoweka chai bila neno kwa ajili ya 1953, mie sioni kama ni utoto hata kidogo.

Jana nikampigia baba nikamsimulia yote, mwanzo mpaka mwisho, Black Shadow, kisasi, mkanda, bibi na taco. Akasikiliza kimya, kitu ambacho sio kawaida yake. Nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza: "Sasa mwanangu, wakati huyo wa buluu yuko na mkanda, huyu wa fedha hakuwahi kuufuata? Marudiano hayakuwepo?"

Nikatoka na simu mpaka sebuleni, nikamtafsiria babu swali. Babu akazima redio. Bibi, aliyekuwa anakunja nguo, akaziacha akaja akakaa nae, kiti cha pembeni yake, akasema aanze yeye kujibu kwa sababu babu lazima ataruka vitu.