Siku Bibi alipovuka Likoni

Mwanangu ameniuliza kwa nini watu wa Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kila wakija kwetu arusini hukaa karibu na mlango, na kwa nini huja na mihogo. La mihogo naliweza.

Bibi na dadake, tuliyemwita Bibi wa Ng'ambo, hawakuwa wakisemezana. Ni maneno ya nyumba ya mama yao Kibokoni. Kaka yao alikuwa baharia. Alikuja likizo, nyumba ikauzwa, yeye akarudi zake melini, na dada wawili wakabaki kutuhumiana. Mmoja akanunua kishamba Likoni. Bibi akapanga vyumba Kuze, na nyumbani kwetu Likoni ikawa haitajwi.

Kisha, Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe, jirani na Likoni, ikapinduka na watu zaidi ya 250 wakafa. Simu hatukuwa nayo. Bibi alishinda barazani kutwa, buibui mwilini, akimsimamisha kila apitaye. Jioni kijana mmoja akaja na habari kwamba Bibi wa Ng'ambo yu mzima, siku hiyo hakutoka, alikuwa na homa. Bibi akasema, "Alhamdulillahi." Halafu akamkazia macho. "Na nani aliyekuuliza?"

Idd ya Mfungo Tatu ikaingia mwezi uliofuata. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikanda unga kwa tui zito na iliki, akaufunika uumuke. Alfajiri alikuwa karaini, akisukuma, akikata, akiyamwagia mahamri mafuta ya moto kwa upawa mpaka yafure. Yaliyokataa kufura nikala mimi. Mazuri yakapangwa kwenye sinia, sinia likafungwa kwa leso mpya, na hakuna aliyethubutu kuuliza yanakwenda wapi.

Kwenye feri hakutaka kuketi. Alisimama katikati kabisa, mbali na kingo zote mbili, mimi na sinia kichwani, mkono wake umenikamata kiwiko. Midomo ilikuwa ikienda na sauti haitoki. Watu walikuwa wengi, wamevaa nguo zao za Idd, kanzu zimepigwa pasi, watoto wamepakwa wanja, lakini kelele za Idd hazikuwepo. Kila mmoja alikuwa akiyatazama maji kwa pembe ya jicho. Feri ikayumba kidogo tu. Kucha zake za hina zikanizama. Mzee mmoja akamwonea huruma, akamwambia, "Mama, usiogope, ni dakika chache tu."

"Na kuzama ni dakika ngapi?"

Mzee yule hakusema tena mpaka ng'ambo.

Tulipiga hodi. Bibi wa Ng'ambo akatokea na upawa mkononi, akatutazama, akalitazama sinia.

"Umekuja na mahamri, ama umekuja na maneno?"

"Nimekuja na njaa," Bibi akasema, akavua viatu.

Mimi nilingoja walie, au wagombane. Wapi! Walikaa mkekani wakatafuna tambuu, wakazungumza bei ya nazi na mguu wa jirani fulani hadi adhuhuri. Nyumba haikutajwa. Kaka yao pia hakutajwa. Tulipoaga, sinia halikurudi tupu, bila shaka. Likajazwa mihogo ya shambani.

Kwenye feri ya kurudi Bibi aliitazama mihogo ile kwa muda mrefu. "Hii," akaniambia, "imepandwa kwa pesa ya nyumba yetu." Kesho yake akaipika kwa tui na pilipili, akala sahani mbili.

Kama huko ndiko kusamehe, sijui, na wote wawili sasa wako mbele ya haki. Idd iliyofuata alivuka Bibi wa Ng'ambo, na mihogo mingine. Alikunywa chai, akasifu kaimati, kisha akauliza, kwa upole kabisa, zile bilauri za mama yao zilikwenda wapi.