Siku moja maishani mwangu: kukadiria umbali wa kwasa kwa rangi tu

Saa 2 asubuhi. Watu hudhani wanaastronomia tunakesha kwenye darubini. Picha ninazotumia zilipigwa zamani na SDSS, mradi wa kupima anga, kule Apache Point, New Mexico, Marekani. Mimi nina jedwali tu. Kila kwasa, yaani kiini cha galaksi ya mbali kinachong'aa sana kwa nguvu ya shimo jeusi, ina mwangaza uliopimwa kwa filta tano: u, g, r, i na z. Kwa namba hizo tano natakiwa niseme iko mbali kiasi gani.

Kwanza usafi. Vumbi la galaksi yetu hula mwanga wa bluu kuliko mwekundu, kwa hiyo kila namba hurekebishwa kwa ramani ya vumbi. Inachosha, basi.

Saa 4. Naipa programu kwasa zenye spektra (mwanga uliochambuliwa kwa rangi zake), ambazo mhamo mwekundu wake umeshapimwa: yaani mwanga umenyooshwa kiasi gani njiani, na mhamo ukiwa mkubwa, kwasa iko mbali zaidi. Katalogi ya SDSS ya 2020 inazo zaidi ya 750,000. Nyingine nazificha ili niitahini programu nazo baadaye. Zilizovuka mhamo wa 3 hazinisumbui sana: hidrojeni iliyoko njiani humeza mwanga wao wa u, zinajitambulisha zenyewe.

Saa 6 mchana, kizungumkuti. Kwasa moja imezidi mwangaza kidogo kwenye g. Kuna mstari mpana pale, yaani mwanga wa ziada unaotolewa na elementi fulani, lakini wa nini? Mstari wa magnesi wa nanomita 280, kwa mhamo wa 0.8, huangukia 504. Wa kaboni wa nanomita 155, kwa mhamo wa 2.2, huangukia 496. Yote miwili imo ndani ya g! Jibu la kwanza ni mwanga uliosafiri takriban miaka bilioni 7, la pili karibu bilioni 11. Mchoro wa uwezekano unatoka na nundu mbili.

Saa 8, kikao. "Si uchukue ya katikati tu?" mwenzangu ananiuliza. Ya katikati ni 1.5, mahali pekee ambapo nina hakika kwasa hiyo haipo.

Saa 10 naongeza vipimo vya infraredi vya darubini ya angani WISE, mikromita 3.4 na 4.6. Nundu ya 0.8 inanywea, haifi. Nayo data hiyo ina lake: kwasa hubadilika mwangaza, na wakati SDSS ilipitisha filta zote tano ndani ya dakika chache, WISE ilikuja miaka baadaye. Napanua kiwango cha makosa.

Saa 12 jioni natuma orodha kwa watakaopima spektra. Kwasa yangu ina namba zote mbili, kila moja na uzito wake. Safu ya wastani nimeifuta.