Baba Salma, orodha yake na jua la Sevilla

Kwetu mwezi wa saba ni kusi. Bahari imechafuka, mvua zinarashiarashia, na mama mkwe wangu alfajiri hujitanda leso mbili akilalamika baridi. Ndio mwezi ambao Baba Salma aliuchagua tuwaache watoto kwa bibi yao, tutoke Mombasa, twende tukalitafute jua kali kuliko hili tulilozaliwa nalo. Hakulisema hivyo, bila shaka. Yeye alisema, “Mama Salma, safari hii ni Andalus,” yaani kusini mwa Hispania.

Mwezi wenyewe ulikuwa ndio alioweza kuacha kazi. Ni fundi, anakarabati nyumba za zamani za Mji wa Kale, na wakati wa kusi wenye nyumba wengi hawataki kuta zao zifunuliwe. Akatengeneza orodha ya kila tutakachokiona, siku na saa, akaichapisha na kuitia kwenye plastiki pamoja na karatasi za viza: barua za kazi, taarifa za benki, bima ya safari ya euro 30,000. Aliyewahi kuomba viza ya Schengen anaelewa. Mpaka uipate, umeshachoka na Ulaya kabla hujaiona.

Tulianzia Lisbon, Ureno, ambako nauli ilikuwa nafuu. Mji wote ni vilima, na njia zake zimetandikwa vijiwe vyeupe ambavyo nyayo za watu zimevisugua mpaka vinateleza hata bila mvua. Tramu ya namba 28, ambayo kila mgeni lazima aipande, tuliisubiri mpaka miguu ikafa ganzi, kisha tukaondoka kwenye foleni tukapanda mlima wenyewe. Sikuona hasara.

Mtaa wa Belém ndiko tuliko­taka hasa. Kaburi la Vasco da Gama limo ndani ya kanisa la Jerónimos, hatua chache tu kutoka mlangoni, na upande wa pili amelazwa Camões, mshairi aliyemsifu. Gama amechongwa kwa jiwe, amelala chali, viganja vimekutana kifuani kama mtu aombaye dua. Alikufa Kochi, India, mwaka 1524; mifupa yake ikahamishwa huku na huku mpaka ikaletwa hapo karne ya 19. Sisi kwetu alifika Aprili 1498. Mombasa hawakuelewana naye, Malindi wakampokea na kumpa rubani wa kumvusha mpaka India, na mwaka 1593 wenziwe wakaanza kujenga Ngome ya Yesu, ambayo Baba Salma anaipita karibu kila siku akienda kazini. Nilidhani atasema jambo zito. Alimtazama kuanzia kichwa mpaka viatu, akanambia kwa sauti ya chini, “Kumbe mtu mwenyewe ndiye huyu.” Basi. Kundi la watalii likatusukuma, tukatoka.

Kilichonishika mimi kilikuwa nje. Kuta za jengo lile zimechongwa kamba za meli, mafundo na majani, jiwe lote halina mahali palipopumzika. Ujenzi ulianza mwanzoni mwa karne ya 16, na sehemu kubwa ya gharama ililipwa kwa ushuru wa asilimia 5 wa bidhaa zilizotoka Afrika na Mashariki. Nilipolisoma hilo nikaukazia macho ule ukuta kama mdai anayepita mbele ya nyumba ya mdaiwa wake. Kisha tukaenda kula vile vikeki vyao vya mayai, vinavyookwa mtaa huo tangu 1837, vya moto, vya kunyunyiziwa mdalasini. Deni halizuii mtu kula.

Kuingia Hispania ni kwa basi, mchana kutwa, na mpakani saa inasogezwa mbele saa moja. Hapo ndipo jua lilipoanza mambo yake.

Nyumbani walikuwa wametucheka. Watu wa Mombasa, jua gani litawatisha? Lakini jua la Mombasa ni la jasho. Linakutoa maji, unajua kabisa kwamba linakufanya kitu, unatafuta kivuli na maji ya dafu. La Sevilla ni kavu. Ngozi haina hata tone, midomo inapasuka, unajiona mzima, mpaka kichwa kinaanza kugonga. Vipimo vilisoma nyuzi 42. Bibi mmoja wa makamo, mwenye ile nyumba ya wageni tuliyofikia, alikuwa akifunga mbao za madirisha mapema asubuhi, nyumba nzima ikawa giza totoro, na alipotuona tumevaa viatu baada ya chakula cha mchana akatikisa kichwa na kutuonyesha kitanda kwa kidole. Alikuwa hajui neno la Kiingereza, na hakulihitaji.

Orodha ilisema: saa tisa mchana, Plaza de España. Tukaenda. Njiani hapakuwa na mtu, maduka yamefungwa, hata njiwa wamejibanza. Ule uwanja ulijengwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1929, nusu duara kubwa ya matofali, na chini yake viti vya vigae vilivyopakwa rangi, kila mkoa wa Hispania na kibaraza chake. Baba Salma alitaka apigwe picha amekaa. Akachagua kibaraza, akakaa kwa heshima, na akaruka. Vigae vilikuwa vimekunywa jua tangu asubuhi, suruali haikufua dafu. Mimi sikucheka pale pale. Nilicheka tulipofika kwenye miti.

Tangu siku ile jua ndilo lililopanga safari. Alfajiri mpaka saa tano tunatembea. Baadaye tunalala kama wenyeji, madirisha yamefungwa, tumejimwagia maji. Tunatoka tena saa mbili usiku, jua bado lipo. Magharibi inaingia saa nne kasorobo usiku! Saa yetu ya Kiswahili, ambayo kwetu haimpotezi mtu, jua linazama saa kumi na mbili unusu na mambo yamekwisha, huko haikuwa na kazi kabisa. Kusubiri isha ulikuwa mtihani mwingine, alhamdulillahi msafiri ana ruhusa ya kukusanya sala. Na usiku wa manane viwanja vimejaa: wazee wamekaa kwenye viti walivyotoka navyo nyumbani, watoto wachanga wako macho, wanawake wanajipepea na kusengenya. Nikajihisi niko mtaani kwetu Mji wa Kale, Kibokoni, ramadhani. Mchana pia walikuwa na akili zao. Katika njia za maduka wametandaza vitambaa vipana kutoka paa hadi paa, watu wanapita chini yake kivulini. Baba Salma alisimama kuangalia zile kamba zimefungwaje, na nilijua kitu kama hicho kitajaribiwa kwetu.

Mnara wa Giralda tuliupanda mapema. Uliojengwa ni mnara wa msikiti, ukakamilika 1198, kengele za kanisa ziliwekwa juu karne kadhaa baadaye. Ndani hauna ngazi, ila chache juu kabisa. Una njia ya mteremko inayozunguka, vipande 35, inasemekana ili muadhini apande juu ya mnyama. Goti langu lilimshukuru aliyebuni.

Córdoba ni treni ya dakika 45 hivi, na kama mtu ana siku moja tu Hispania, ningemwambia aimalize hapo. Tuliingia Mezquita, msikiti wa kale uliogeuzwa kanisa, saa mbili unusu asubuhi, kabla tiketi hazijaanza. Nimesoma watu wengi wanaoeleza walivyolia mle ndani. Mimi sikulia. Kwanza macho hayakujua pa kutua: nguzo 856, juu yake matao mekundu kwa meupe, mpaka gizani. Kuswali hakuruhusiwi, walinzi wanatembea, na katikati ya nguzo limesimamishwa kanisa kubwa lililoanzwa 1523. Nilikwenda mbele ya mihrabu ya khalifa al-Hakam wa Pili, iliyonakshiwa kwa vijiwe vya dhahabu, nikamswalia Mtume kimoyomoyo. Mlinzi alinitazama, hakuwa na la kufanya.

Nilipogeuka, mwenzangu hayupo. Nilimkuta amechuchumaa, mkono juu ya kitako cha nguzo. Akaniita. “Hebu angalia. Hii fupi, wameiinua. Ile haina kitako kabisa. Na vichwa vyake, hata viwili havifanani.” Walioanza kuujenga msikiti ule, miaka ya 780, walitumia nguzo walizozikuta kwenye majengo ya Warumi na ya Wavisigothi, watawala wa huko kabla ya Waislamu, na nyingi zilikuwa fupi mno kwa jumba kubwa kiasi hicho. Wangeziweka tu, paa lingewagonga watu kichwani. Ndiyo maana wakapanda tao juu ya tao, matofali na mawe yakipokezana, paa likapaa. Huo uzuri wote unaopigwa picha ulianza kama dawa ya nguzo fupi.

Kwetu ni boriti. Chumba cha nyumba ya kale ya Mombasa au Lamu ni chembamba na kirefu kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya upana ule. Urefu wa mti ndio ulioamua kitanda kikae wapi na mgeni aketi wapi. Baba Salma amelisema hilo kwa wateja wake mara nyingi, wanaotaka ukumbi mpana na boriti zile zile. Sasa alikuwa amempata mwenziwe, fundi wa zaidi ya miaka elfu iliyopita mwenye taabu ile ile, na alikaa naye mpaka tukatolewa. Orodha ilikuwa na vitu vingine vinne Córdoba. Hakuitoa mfukoni.

Granada sitaieleza sana, Alhambra, ile ngome ya wafalme wa Kiislamu, ina wasifiaji wa kutosha. Tiketi ina saa yake ya kuingia majumba ya wafalme, na pasipoti inaangaliwa. Ukichelewa shauri yako. Kuta zinarudia maneno yale yale kila upande, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, na ukoo wa wafalme waliozichongesha ulishindwa mwaka 1492.

Jioni tulipanda mtaa wa Albaicín, kwenye msikiti uliofunguliwa 2003 ukitazamana na Alhambra. Nilipokuwa naosha miguu nikamkumbuka Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko. Alipita Mombasa mwaka 1331, akaeleza kwamba kwenye mlango wa kila msikiti pana kisima, mtu anachota maji, anaosha miguu, kisha anaifuta kwenye mkeka mnene uliowekwa hapo. Miaka kama ishirini baadaye alifika Granada. Mfalme Yusuf alikuwa mgonjwa, hawakuonana, ila mama yake mfalme alimpelekea dinari. Huko huko alikutana na Ibn Juzayy, aliyekuja kumwandikia safari zake zote. Mmoja alisema, mmoja akaandika, na mwandishi naye akatia yake.

Baba Salma amesoma mpaka hapa. Anadai Plaza de España ilikuwa saa kumi, si saa tisa, kwamba hakuruka bali alisimama, na kwamba mwakani ni Fez, Moroko. Fez sijaikubali. Kuruka, aliruka.